Sitara ni ya nani? Mashekhe, muhali na kesi za udhalilishaji Zanzibar

Baada ya Isha, mahali popote pale baina ya Konde na Makunduchi, mama mmoja anapiga hodi kwa maalim. Hapiti mlango wa mbele. Anazunguka uani kwa mke wa maalim, maana mambo kama haya huingilia uani. Mwanawe wa miaka tisa ana siku ya tatu hataki kwenda chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani. Leo, wakati anaogeshwa, kasema kwa nini.

"Bi Mkubwa, nifanye nini mie? Baba yake akijua ataua mtu."

"Ngoja nimwambie maalim. Lakini wewe, usimwambie mtu."

Mfano huu nimeutunga, lakini sidhani kama kuna msomaji wa Unguja au Pemba atakayeuona mgeni. Ninachotaka kukifungua hapa ni masaa yaliyopo baina ya lile neno "usimwambie mtu" na adhana ya Alfajiri. Katika masaa hayo mara nyingi kesi huwa imeshaamuliwa, na walioiamua si polisi, si daktari wala hakimu. Ni watu wa dini. Visiwa hivi karibu wakaazi wote ni Waislamu, na sheria zetu zina mengi ya kumwambia mpelelezi na mwendesha mashtaka, ila maalim aliyekaa kwenye baraza yake usiku ule haoni humo ukurasa wake. Basi anashika anachokijua: aya, hadithi, desturi, na hofu.

Tuanze na neno lenyewe. Bara watu husema zaidi "ukatili wa kijinsia". Sisi tumezoea "udhalilishaji", na ndani ya kapu hilo tunatia kubaka, kulawiti, shambulio la aibu, kutorosha, hata kipigo cha nyumbani. Neno hili silipendi sana, ingawa nalitumia. Kwanza linafunika: ukisikia mtoto kadhalilishwa, hujui kafanywa nini, na wengi hushukuru kwa kutojua. Pili, udhalili unabaki kwa asiyehusika. Aliyefanya uovu ni "mtuhumiwa", aliyefanyiwa ndiye "aliyedhalilishwa", kana kwamba heshima ilikuwa mfukoni mwake na kaidondosha njiani. Maalim anayeanza na picha hiyo akilini tayari ameanza upande usio wake.

Kisha kuna dhana kwamba hili ni jambo la wasichana. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ukatolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa upande wa Zanzibar, karibu asilimia 6 ya wasichana walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana ilikuwa karibu asilimia 9. Takwimu hizo ni za zamani, lakini hesabu ya namna hiyo inapaswa kumshtua kila mwenye chuo. Sisi tumeweka pazia na nyakati mbalimbali kuwahifadhi watoto wa kike, halafu wa kiume tumewaacha walale popote, wasafiri na yeyote, wakakandwe na kunyooshwa vidole na mtu mzima chumbani, kwa kuwa "huyo ni mwanamme, atapatwa na nini?"

Sasa fundo la kwanza, nalo ndilo lililokaza kuliko yote: sitara, yaani kumfunikia mtu aibu yake.

Hadithi anaijua kila mtu. Mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri duniani na Akhera. Imo katika Sahihi Muslim, na usiku ule kwenye baraza hiyo ndiyo hutangulia. Tusimwaibishe mtu. Ana wake na watoto. Ni imamu msaidizi. Swali ambalo haliulizwi ni la kitoto kabisa: anasitiriwa nani, na kwa lipi?

Wanazuoni waliisoma hadithi hii kwa makini zaidi kuliko tunavyoinukuu. Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafii, aliposherehesha Sahihi Muslim alieleza kuwa sitara inayopendekezwa ni kwa mtu mwenye haiba njema ambaye hajulikani kwa maudhi na ufisadi, na kwa dhambi iliyokwisha kupita. Ama anayejulikana kwa ufisadi, inapendekezwa asisitiriwe, apelekwe kwa wenye mamlaka, kwa sababu kumfunika kunampa ujasiri wa kuendelea. Na uovu unaoendelea kutendeka ni wajibu kuuzuia. Mtu aliyekutwa amelewa akarudi nyumbani akatubia, msitiri. Mtu anayewaita watoto chumbani mmoja baada ya mmoja hana dhambi iliyopita; ana dhambi inayosubiri kesho saa kumi jioni, watoto wakija na misahafu yao.

Kuna tofauti nyingine ambayo fikihi inaijua vizuri na baraza huisahau: haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Aliyekunywa pombe kavunja haki ya Mola wake, na mlango wa toba uko baina yao wawili. Aliyemwingilia mtoto kavunja na haki ya mtoto, na hiyo hakuna mtu wa tatu mwenye ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yake, awe baba, ami au sheha, kiongozi wa mtaa. Suratul Baqarah, aya ya 283, inakataza kuficha ushahidi na inasema moyo wa mwenye kuuficha una dhambi. Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa inaamrisha kutoa ushahidi hata ukiwa juu ya nafsi yako, wazazi wako au jamaa zako. Sijapata kusikia aya hizi mbili zikisomwa kwenye baraza la suluhu.

Hadithi ya sitara inabaki mahali pake, lakini aliyeistahiki usiku ule ni mtoto. Jina lake lisitajwe khutbani, picha yake isizunguke kwenye simu za mtaa, wanafunzi wenzake wasijue kilichomfika. Kwa bahati mbaya tunafanya kinyume: mtaa mzima unamjua mtoto, na mkosaji anahamishiwa shamba kimyakimya.

Fundo la pili ni mashahidi wanne. Utamsikia mtu mzima, tena msomi, akisema: "Dini inataka mashahidi wanne, nyinyi mna kauli ya mtoto tu." Ukiirudia aya ya 4 ya Surat An-Nur utaona inamzungumzia nani: wale wanaowasingizia wanawake waliohifadhika kwa zinaa na wasilete mashahidi wanne, hao wapigwe bakora thamanini. Aya iliteremka kumlinda mwanamke na ulimi wa watu. Tumeigeuza ikawa ngome ya mbakaji dhidi ya mwanamke.

Zinaa ni tendo la wawili waliokubaliana. Kubakwa ni dhuluma ya mmoja juu ya mwengine, na mwenye kulazimishwa hana dhambi; aya ya 33 ya sura hiyohiyo inawazungumzia wajakazi waliolazimishwa na inawaahidi msamaha na rehema. Mtoto ndiyo kabisa. Hadithi inasema kalamu imeinuliwa kwa watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Kwa hiyo ile kauli ya "na yeye alikwenda kufanya nini kule?" haina nyumba ndani ya dini tunayoidai.

Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kisa cha mwanamke aliyetoka kwenda kusali zama za Mtume, akavamiwa njiani. Akapiga kelele, watu wakakimbia, wakamkamata mtu. Alipofikishwa kwa Mtume (SAW) hakuulizwa alivaa nini wala mashahidi wake wako wapi. Aliambiwa aende, Mwenyezi Mungu kamsamehe. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya pili pia. Mtu waliyemkamata mwanzo hakuwa yeye. Nusura aadhibiwe, mpaka mhalifu mwenyewe akasimama akakiri. Wale wenye hofu ya kusingiziwa watu, na hofu hiyo ni ya haki, wana hoja humo. Ila jawabu la hofu yao ni uchunguzi wa watu wenye ujuzi. Kunyamaza hakumsafishi asiye na hatia. Kunamwacha na tuhuma shingoni maisha yake yote.

Dalili nazo zina nasaba ndefu katika Kitabu. Nabii Yusuf aliokolewa na kanzu: imechanika mbele au nyuma? Hakukuwa na shahidi wa macho hata mmoja. Leo kanzu hiyo ni nguo ya ndani ya mtoto, na mahali pake ni ndani ya mfuko wa karatasi mkononi mwa daktari, haipaswi kuwa ndani ya karai la maji ya sabuni. Nitalirudia hili.

La tatu ni muhali. Sijui nilielezeje kwa asiye wa visiwani. Ni ule uzito wa uso unaomzuia mtu kutenda lililo haki kwa kuwa mwenziwe ni jirani, ni shemeji, walisoma pamoja, alimkopesha magunia wakati wa karafuu. Katika shehia ambayo kila mtu ni jamaa wa kila mtu, muhali ndio sheria ya kwanza, na sheria ya serikali inakuja nyuma yake. Wazee wanakutana, wanakadiria fedha, pengine wanapanga ndoa, wanasoma dua. Kinaitwa suluhu.

Suluhu ni jambo tukufu. Mke na mume wakikhitilafiana, aya ya 35 ya An-Nisaa inataka mwamuzi kutoka kila upande. Ndugu wakigombea shamba, shekhe anayewapatanisha kafanya ibada. Lakini hakuna kilichogombaniwa baina ya mtoto wa miaka tisa na mtu mzima kinachohitaji mwamuzi. Katika sheria ya Zanzibar kesi ya jinai si mali ya familia hata waiuze: inaendeshwa na Mkurugenzi wa Mashtaka, na mtoto yumo kama shahidi. Hivyo suluhu ya barazani haiifuti kesi. Inaiua kwa njia nyengine, kwa kuwafanya mashahidi wasitokee. Mama hafiki mahakamani, jirani kasahau, mtoto kahamishiwa kwa bibi yake. Hakimu hana budi, kesi inakwenda na maji. Kisha tunasema mahakama zimeoza.

Serikali kwa upande wake ilibana. Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011 imemweka kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Sheria za jinai ziliandikwa upya 2018, na mwaka 2021 ikaanzishwa mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu hutoa idadi ya matukio mwezi baada ya mwezi. Yote hayo yanaanza kufanya kazi baada ya mtu kutoa taarifa. Kabla ya hapo, kuna baraza.

Wenye muhali wakumbushwe kisa cha mwanamke wa ukoo wa Makhzum aliyeiba. Ukoo ulikuwa mkubwa, wakaona aibu, wakamtuma Usama bin Zayd, kipenzi cha Mtume, akawaombee. Mtume alikasirika. Akasema kilichowaangamiza waliotangulia ni kwamba akiiba mtukufu walimwacha, akiiba mnyonge wakamwadhibu. Na lau Fatuma binti Muhammad angeiba, angemkata mkono. Usama alikwenda kwa muhali, kama tunavyokwenda sisi.

Basi maalim afanye nini usiku ule? Kazi yake ni ndogo kuliko anavyodhani, na ngumu kuliko anavyopenda. Aanze kwa kumwamini mama kiasi cha kuondoka naye. Mtoto asiitwe kuhojiwa mbele ya wazee. Kila anapolazimishwa kusimulia upya, maneno hubadilika kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo wakili wa utetezi atakayoyashika baadaye. Inatosha mtu mmoja anayemwamini amwambie: hukukosa, umefanya vyema kusema. Mtuhumiwa asiitwe "kuulizwa" usiku huo. Kumwita ni kumpa boti ya asubuhi.

Mtoto asiogeshwe. Hapa ndipo huruma ya mama na desturi yetu ya tohara zinapogongana na ushahidi, na mwenye mamlaka ya kulisema hilo bila kubishiwa ni maalim mwenyewe: josho lisubiri, daktari kwanza. Ikiwa kishaogeshwa, kama katika mfano wetu, bado aende. Daktari ana mengine ya kutazama, na nguo alizovaa siku ile zisifuliwe. Zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani ndani ya plastiki hupata unyevu zikaharibika. Dawa za kukinga virusi vya Ukimwi zinatakiwa kuanzwa ndani ya masaa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Mtoto wetu kagoma siku tatu, hesabu mwenyewe. Hakuna nafasi ya kikao cha Ijumaa baada ya swala.

Pa kwenda papo. Mwaka 2011 Hospitali ya Mnazi Mmoja ilifunguliwa kituo cha mkono kwa mkono, ambamo daktari, polisi na mshauri nasaha wanakutana chini ya paa moja ili mwathirika asizungushwe ofisi kwa ofisi. Vyengine vikafuata, Pemba nako, Hospitali ya Chake Chake ikiwemo. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na hutolewa fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwendea kwa daktari. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Maalim akifuatana na mama mpaka mlangoni, kwa kofia yake na kanzu yake, kafanya kitu ambacho hakuna semina inayoweza kukifanya: kesho mtaa hautasema mama yule ni mtovu wa adabu aliyeikimbilia serikali. Utasema alikwenda na maalim.

Je, mtuhumiwa akiwa ni ustadh wa chuo hichohicho? Hapa hata watu imara huyumba. "Tutaharibu jina la Qur'ani." Jina la Qur'ani limedumu karne kumi na nne, halitavunjwa na kesi moja ya Micheweni. Linalovunjika ni imani ya mtoto, ambaye aya alizifundishwa na mkono uleule. Vyuo na misikiti vinasimamiwa na Ofisi ya Mufti pale Mazizini, lakini kuripoti kwa Mufti hakuchukui nafasi ya polisi. Ustadh asimame kufundisha siku hiyohiyo mpaka uchunguzi uishe, na isemwe wazi kuwa kusimama si hukumu. Kumhamishia kijiji chengine ni kuwapelekea watoto wa wengine.

Kwa mwenye chuo, kinga ni mambo ya kiseremala zaidi kuliko ya kielimu. Darasa liwe na dirisha linaloonekana na njia. Asitumwe mtoto mmoja kupeleka chai chumbani kwa ustadh. Anayelala dahalia alale na rika lake, na funguo zisikae kwa mtu mmoja. Mwalimu mgeni aulizwe alikotoka kwa nini aliondoka, na anayeulizwa aseme kweli. Hapo tena muhali unatusubiri mlangoni.

Kwa mke anayepigwa, njia ni mbili na watu huzichanganya. Kipigo ni jinai, kinakwenda polisi. Talaka, matunzo na watoto ni vya Mahakama ya Kadhi, inayofanya kazi chini ya Sheria Namba 9 ya 2017, na kadhi hana uwezo wa kumfunga mpigaji. Mwanamke anayekwenda kwa kadhi peke yake hushangaa haki ya kipigo haikuguswa. Anayekwenda polisi peke yake hurudi nyumba ileile. Shekhe wa mtaa anaweza kumfahamisha haya mapema. Amfahamishe pia tofauti ya khului, anayojikomboa kwa kurudisha mahari, na fasakh, ndoa inayovunjwa na kadhi kwa madhara yaliyothibiti. Mwanamke aliyevunjwa mkono kisha akalipa ili aachwe huwa kadhulumiwa mara mbili, na mara ya pili sisi tulikuwepo. Na neno "subira", jamani, tulipumzishe. Hadithi ya "pasiwe na kudhuriana" nayo ni hadithi.

Wakristo wa visiwani ni wachache, na uchache una muhali wake: kanisa dogo huogopa kashfa itawapa wengine la kusema. Kwa Wakatoliki, Papa Francis alitoa waraka wa Vos estis lux mundi mwaka 2019 unaowawajibisha mapadri na watawa kuripoti udhalilishaji kwa mamlaka za Kanisa, na akaufanya wa kudumu 2023. Siri ya kitubio haiguswi, lakini padri asiichanganye na mazungumzo ya ofisini baada ya misa. Muumini aliyekuja kulia sakristia hakuja kuungama dhambi ya mtu mwengine.

Baada ya polisi, hospitali na mahakama, huja miezi mirefu ambayo hakuna anayeihesabu. Kesi huahirishwa. Nauli ya gari kutoka shamba hadi mahakamani hulipwa tena na tena, na hapo sanduku la msikiti lina kazi ya wazi, kwani mtu huacha kesi kwa kukosa nauli kabla ya kukosa ujasiri. Mtoto huota usiku. Akikojoa kitandani hapigwi. Akisomewa ruqya, yaani aya na dua za kinga, na moyo wake ukatulia, alhamdulillahi, na miadi ya mshauri nasaha iendelee. Kimoja hakikifukuzi chengine. Watoto wengine huchukia swala kwa muda. Maalim mwenye hekima haanzi na fimbo wala na moto wa Jahannam.

Na lipo suala la mkeka, yaani nafasi ya mtoto pale chuoni. Mtoto wa mfano wetu alikuwa kafika Juzuu Tabaraka, anakaa mstari wa pili karibu na nguzo. Kwa kawaida ni yeye anayehamishwa chuo, na wenzake wanaambiwa kaenda kwa shangazi. Mwenye chuo anaweza kuamua vyengine: mtuhumiwa hayupo tena, mwalimu mwengine kashika darasa, mke wa maalim anakaa barazani wakati wa masomo. Mama anaulizwa lini mtoto atakuwa tayari, na akisema bado, haulizwi tena wiki hiyo. Msahafu wake unabaki rafuni, na alama yake ya ukuti bado iko kwenye Suratul Mulk.